Mama Chini ya Tao la Kirumi

Mmeniuliza sana. Dukani, kanisani, hata msibani mtu ananivuta pembeni: "Zabloni, huko Ulaya uliambulia nini?" Nami nimekuwa nikijibu "salama tu" na kugeuza mazungumzo. Lakini naona kimya changu kimezaa watoto. Kuna anayesema nilikwenda kugombania urithi, na kuna anayesema nilifukuzwa na polisi. Basi naandika mara moja, wote msome, kisha tuzungumze habari za ziwa na bei ya dagaa.

Mdogo wangu Elisha mlimfahamu. Wengine mlibeba jeneza lake. Alikwenda Brussels kusomea uchoraji, masomo yakaisha, akabaki akifanya kazi za mikono na kuchora usiku, mpaka figo zilipomwangusha. Waliochanga maiti yake ikarudi Kigoma ni Wakongo wa kanisa moja la huko, na aliyewakusanya ni Maman Furaha, mama wa Uvira, ambaye Elisha alikuwa amepanga chumba nyumbani kwake. Mama huyo hakutusahau hata baada ya mazishi. Kila Krismasi alipiga simu kumsalimia mama yetu.

Sasa siku moja akanitumia picha aliyoipiga kwenye kituo cha tramu. Ilikuwa picha ya tangazo la maonyesho ya uchoraji, lililobandikwa ukutani: jengo la kale lenye matao makubwa ya mawe meusi, na chini ya tao moja mwanamke ameketi juu ya beseni lililofudikizwa, anachoma samaki, migebuka yetu ya ziwani, mkono wa kushoto ameuinua kukinga moshi. Nikaikuza picha kwa vidole. Nikakaa chini.

Nilimpelekea mama simu. Akavaa miwani, akaiangalia, akaiangalia tena.

"Nani kanipiga picha na jiko hilo?" akauliza. "Lile jiko lilikwisha zamani."

"Hujapigwa, mama. Umechorwa."

Hakuuliza amechorwa na nani. Alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitenge, akaendelea kuifuta muda mrefu.

Chini ya tangazo lilikuwapo jina la mchoraji. Halikuwa la Elisha. Ujumbe wa sauti wa Maman Furaha ulisema hivi: "Papa Zabloni, ile tableau Elisha aliifanyia mu cuisine yangu. Miye niliona na macho yangu. Sasa banaandika jina ya muzungu. Niliba-telefonia, banauliza miye niko nani kwa Elisha. Donc, kuya we mwenyewe. We ni damu yake."

Nilipomweleza mama kwamba picha ilichorwa jikoni kwa Maman Furaha, alisema neno moja tu: "Nenda."

Kigoma hadi Dar es Salaam

Tulitoka Kigoma vizuri, tukapita Uvinza vizuri, halafu treni ikasimama porini. Mvua ilikuwa imekula tuta la reli mbele yetu. Mafundi wakafika na makoleo, wakaangalia, wakaondoka. Wakaja wengine na mashine. Sisi tukakaa. Wanakijiji walitokea kichakani na muhogo wa kuchemsha na karanga, na kila njaa ilipopanda bei nayo ilipanda. Dada mmoja alikuwa na sufuria ya maharage yaliyoungwa kwa mawese. Aliuza yakaisha, akarudi na mengine ambayo hayajaiva, nayo yakaisha.

Niliketi na mfanyabiashara wa Tabora, mtu wa maneno mengi, muuza asali. Alitaka kujua safari yangu.

"Naenda Ulaya kuona picha aliyoichora mdogo wangu."

"Picha? Si wangekutumia kwa WhatsApp?"

"Walinitumia."

"Sasa unafuata nini?"

Nikamweleza habari ya jina. Alisikiliza akila karanga. Mwishoni akasema, "Kaka, mimi asali yangu inauzwa Dar ikiwa na karatasi yenye jina la mtu mwingine. Sijawahi kusafiri kwa ajili ya karatasi." Akacheka, nami nikacheka kwa adabu. Ila maneno yale yalinikaa kooni mpaka Dodoma. Huko nikapanda treni ya umeme, ikala ile nchi iliyobaki kabla chai yangu haijapoa.

Addis Ababa

Ndege ya kutoka Dar ilichelewa, na tulipotua Addis ile ya kwenda Brussels ilikuwa imekwisha ondoka. Tukapelekwa hoteli, kundi la watu wenye hasira na mabegi. Baridi ya Addis haina mchezo, na koti langu lilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku Mungu ndiye aliyejua liko wapi.

Mezani nikaletewa chapati yao pana, laini na chachu, imejaa dengu na mboga. Nikamwambia binti aliyehudumu kwa Kiingereza changu cha dukani kwamba naomba nyama.

Akanitazama kwa mshangao. "Wewe si Mkristo?"

"Ni Mkristo, tena nimeokoka."

"Leo ni Ijumaa," akasema, kama anayemfundisha mtoto. Kwao Ijumaa hawagusi nyama. Akaniongezea dengu, nami nikala, mlokole aliyeonekana mpagani.

Brussels tulifika kesho yake asubuhi, mvua nyembamba ikinyesha kama vumbi. Ofisa wa mpakani aliniuliza nimekuja kufanya nini.

"Nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu."

"Anaishi hapa?"

"Amekufa."

Uso wake ukalainika. "Pole. Mazishi ni lini?"

"Tulikwisha mzika. Kwetu."

Akatua kalamu. Nikajaribu kueleza habari ya picha, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo. Nilipomwonyesha mama kwenye simu, akaangalia nyuma yangu, akaona foleni ilivyokuwa ndefu, akagonga muhuri. Hiyo ndiyo huruma niliyopata.

Schaerbeek

Maman Furaha alikuwa akinisubiri uwanjani, mfupi, mnene kidogo, koti jekundu, mwavuli mkononi. Anafanya kazi ya kuwatunza wazee, kuwaogesha na kuwalisha, na mikono yake ina nguvu. Alinikumbatia akalia, kisha akajifuta akaniuliza kama sanduku limefika. Halikuwa limefika. Ndani yake mlikuwa na migebuka mikavu aliyotumiwa na mama.

"Samaki ya maman!" akasema. "Bon. Tusali isioze."

Mtaa wake, Schaerbeek, una maduka ya Waturuki na ya Waafrika yamebanana, tramu zinapita zikilia kwenye kona. Nyumba iko juu, ngazi nyembamba za kupanda upande upande. Alinipikia fufu, sombe, yaani kisamvu, na ndagala, dagaa wetu, akaniketisha pale pale jikoni, kwenye meza iliyosukumwa dirishani.

"Hapa," akasema, akipiga meza kwa kiganja. "Elisha alikuwa anachorea hapa. Mwangaza, anasema, mwangaza ya hapa iko muzuri. Miye napika, yeye anachora. Sombe ilikuwa inamurukia mu tableau, anakasirika, anafuta."

Ndipo akanisimulia jambo ambalo kwetu Elisha hakuwahi kulieleza vizuri. Katika masomo alikutana na picha za thieta moja, jumba la maigizo la Warumi wa kale, lililoko Roma mpaka leo. Jengo hilo limechorwa na watu wa kila karne. Elisha akalipenda kama mtu anavyopenda timu ya mpira. Kila siku ya mapumziko alikwenda maktaba kutazama michoro yake ya zamani.

"Nilimuuliza, Elisha, juu ya nini hii nyumba ya kuvunjika? Akaniambia: Maman, tazama. Thieta ilikufa, alors batu ba kawaida bakaingia ndani. Banauza nyama, banatengeneza viatu, banaanika nguo. Bachoraji ba zamani banachora bale batu bote. Kisha pole pole banabaondosha. Mwisho inabakia mawe tu. Akasema: miye nitabarudisha. Akamurudisha maman yenu."

Picha ilipokaribia kwisha, aliishusha dirishani kwa kamba, akaipeleka kwa mzee Armand, mchoraji wa mtaa wa Ixelles ambaye Elisha alimfanyia kazi ya kusafisha brashi na kuchanganya rangi. Jikoni kwa Maman Furaha mvuke ulizuia rangi kukauka, na kwa mzee palikuwa na chumba kikubwa kikavu. Wiki ile ile Elisha akalazwa. Hakuwahi kuweka saini. Yeye alikuwa na tabia ya kusaini siku anayoamini amemaliza. Mzee Armand naye akafa baadaye kidogo, na vitu vyake vyote vikawa vya binti yake.

Nilikula sombe yote. 

Vyumba vya mawe

Maonyesho yalikuwa katika jumba kubwa katikati ya mji. Tulikwenda kesho yake, Maman Furaha amevaa kitenge chake cha ibada. Mlangoni walidhani tunatafuta choo. Nasema kweli, kijana alituelekeza chooni kabla hatujafungua mdomo.

Ndani vyumba vimepangwa kwa karne. Ukutani wameandika habari ya jengo lenyewe, na Maman Furaha akanifasiria: Kaisari mmoja alikuwa na mpwa wake aliyempenda, kijana akafa akiwa bado mbichi, Kaisari akaipa thieta ile jina la marehemu. Jina lile lipo mpaka leo, miaka kama elfu mbili. Nilisimama mbele ya maandishi yale muda mrefu. Kaisari anaweza kumfanyia mfiwa wake jambo kama hilo. Sisi wengine tunaandika kwa saruji mbichi juu ya kaburi, mvua mbili tatu, herufi zinaanza kulika.

Chumba cha kwanza kilikuwa na michoro ya kalamu ya wajenzi wa zamani sana. Hao hawakuchora walichokiona, walichora walichodhani kilikuwapo: nguzo zimenyooka, matao hayana ufa. Chumba cha pili kilikuwa na picha za chapa, nyeusi, kubwa, za kutisha. Mle mawe yameota nyasi kichwani, udongo umeyafukia matao mpaka nusu, na ndani ya kila tao kuna maisha. Niliona mhunzi na moto wake. Niliona muuza mkaa, mbwa, mwanamke anayemwaga maji machafu. Nguo zimeanikwa mahali ambapo zamani walikaa mabwana. Nikaelewa kwa nini Elisha alilipenda lile jengo. Ilikuwa kama soko letu la Kibirizi limehamia ndani ya magofu.

Chumba kilichofuata kilikuwa cha rangi za maji, jua la jioni, mbuzi wawili, mchungaji mmoja kwa mbali. Watu walikuwa wamepungua. Kisha picha za kamera, maduka bado yapo, nyuso zimefifia. Halafu picha ya siku serikali ya huko ilipowahamisha wenye maduka ikachimba udongo. Na baada ya hapo, kama Elisha alivyosema, mawe matupu, masafi, yanang'aa.

Chumba cha mwisho kilikuwa na picha moja tu, imemulikwa na taa yake.

Sikujua kwamba ni kubwa vile. Mama wa pichani alikuwa na kimo karibu sawa na mama mwenyewe. Elisha alichora mpaka kile kidole cha kati kilichokatwa ncha na kisu cha kuparia samaki. Kwenye matao mengine alikuwapo fundi viatu mwenye kofia ya kufuma, wasichana wanaosukana, mzee anayelala juu ya magunia. Watu wa kwetu, wameketi katika Roma kama wenye nyumba. Moshi wa migebuka ulipanda ukapita kwenye ufa wa jiwe. Niliisikia harufu yake, naapa.

Kibao cha pembeni kilisema jina la mzee Armand, na maelezo. Maman Furaha aliyasoma kwa sauti ya chini: "Banasema: kazi ya mwisho ya maître, fundi mukubwa. Banasema, hapa alifika mu kilele ya maisha yake. Na maman yenu... banaandika, mwanamuke wa kubuniwa."

Tuliomba kumwona mhusika. Akaja msimamizi wa maonyesho, mwanamke kijana, mpole, viatu bapa. Alitupa maji ya kunywa. Nilimwonyesha picha za mama, kidole, jiko, uso. Aliziangalia zote kwa makini, na sikuona dharau usoni mwake. Alisema anaamini kwamba ninaamini. Lakini picha imeazimwa kutoka kwa Madame Hélène, binti wa mzee, na yeye hawezi kubadili jina bila neno la mwenye picha. Kama Madame atakubali, kibao kitabadilishwa siku ile ile. Alimpigia simu mbele yetu. Madame akasema tuje kwake.

Ixelles

Nilitegemea kukuta mtu mbaya. Safari nzima nilikuwa nimejiandalia mtu mbaya. Aliyetufungulia mlango ni bibi mwenye nywele nyeupe, mwembamba, amevaa sweta yenye kiraka cha kiwiko. Nyumba ilinuka rangi ya zamani. Alitukaribisha jikoni, akatuwekea kahawa na biskuti nyembamba za mdalasini, akamshika Maman Furaha mkono.

Alimkumbuka Elisha. Alisema alikuwa anaimba akiosha brashi. Alisema hata hospitali alikwenda kumwona mara moja, akamkuta amelala, akaacha machungwa.

Nikamwekea simu mezani, mama akiwa kwenye kioo. Bibi yule akavaa miwani kama mama alivyovaa. Akaangalia uso, akaangalia kidole. Halafu akaanza kuongea Kifaransa taratibu, macho dirishani. Maman Furaha alikuwa akinifasiria, lakini akanyamaza katikati.

"Anasemaje?"

"Ngoja kwanza."

"Maman Furaha, anasemaje?"

"Anasema, baba yake, miaka ya mwisho, alikuwa haone tena. Macho ilikuwa imekufa. Batu habakujua. Anasema alikuwa anakaa mu atelier, chumba yake ya kuchorea, brashi mu mukono, hafanye kitu. Anasema siku alikuta ile tableau nyuma ya zingine, alijua haiko ya baba yake. Alijua mara moja."

Kikombe changu kilikuwa mkononi. Nikakiweka chini polepole nisije nikakivunja.

"Basi aseme hivyo pale jumbani."

Maman Furaha akamfasiria. Bibi akatikisa kichwa. Alisema watu walikuwa wamemsahau baba yake. Hakuna aliyenunua, hakuna aliyebisha hodi. Picha ile ndiyo iliyowarudisha. Sasa magazeti yanaandika, vijana wanakuja kuuliza habari zake. Akiitoa hii moja, wataanza kuuliza kama na nyingine ni zake kweli. Baba yake atakufa mara ya pili.

Kisha akasema jambo ambalo alikuwa amelifikiria kabla hatujafika, nililiona usoni. Maonyesho yakiisha, atanipa picha. Bure, mpaka Kigoma, kwa gharama zake. Mama ataiweka nyumbani kwake. Ila nisiulize tena habari ya jina.

"Na kama nikimwambia yule msimamizi haya uliyoniambia?"

Alijibu bila ukali wowote, karibu kwa huzuni, na Maman Furaha akafasiri huku akikunja uso: "Anasema, hapa tuko mu cuisine yake. Kule, atasema vingine."

Gare du Nord

Tulishuka Gare du Nord ili kupanda tramu ya kurudi Schaerbeek, lakini hatukupanda. Tuliketi kwenye benchi ndani ya stesheni, abiria wakitupita, nje minara ya maofisi imejaa vioo. Maman Furaha alininunulia viazi vya kukaanga, vinene, na mchuzi mweupe wa mayai. Vilikuwa vitamu, ila nilionja kimoja tu.

"Chukua," akasema. "Papa Zabloni, miye nakuambia kama dada. Chukua tableau. Jina ni mupepo. Maman yenu ashazeeka, aone kazi ya mukono ya mutoto wake, aguse ile rangi. Ukikatala, utarudia na nini?"

Sikumlaumu. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaza hata mimi. Nikampigia mama.

Nilimweleza yote, sikuficha hata upofu wa mzee. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akitwanga.

"Hiyo picha nitaiweka wapi?" akauliza.

"Sebuleni, mama. Tutabomoa dirisha ikibidi, iingie."

"Na chini yake kutakuwa na jina la nani?"

"La mzee wao."



"Zabloni. Sura yangu ninayo, naiona kila nikichota maji. Nilikutuma jina la mtoto wangu. Kama hawalitoi, waache na picha yao."

"Mama, picha nzuri sana."

"Najua. Aliyeichora, nani alimzaa?"

Akakata.

Maman Furaha hakuhitaji kufasiriwa. Alikula viazi vyangu vyote, machozi yanamtoka, kisha tukapanda tramu.

Kibaoni

Tuliomba kikao cha pamoja pale jumbani, mbele ya picha. Msimamizi alikuja. Madame Hélène alikuja pia, amejipamba, skafu shingoni. Nilimwambia, kwa kinywa cha Maman Furaha, kwamba nakataa zawadi yake, na namwomba jambo moja tu: aseme mbele ya msimamizi alichotuambia jikoni.

Msimamizi akamgeukia. Nadhani naye alitaka kusikia.

Bibi yule hakunitazama. Alimtazama mama yangu pale ukutani, akasema sentensi fupi. Hata mimi nisiyejua Kifaransa niliielewa. Alisema baba yake ndiye aliyechora.

Maman Furaha akaruka. Alimwaga maneno, Kifaransa na Kiswahili na Kilingala, akimwita mwongo, akimkumbusha kahawa na biskuti. Msimamizi alimshika bega, akasema pole, pole, atalihifadhi dai letu, akipata ushahidi mwingine atatuandikia. Wakaondoka wote wawili. Visigino vya Madame vilisikika mpaka mwisho wa vyumba.

Nikabaki na mama wa pichani. Watalii wakaanza kuingia. Sijui ni nini kilichonipanda. Nikasimama mbele ya picha, nikawageukia, nikasema kwa sauti yote niliyonayo, kwa Kiswahili, maana kingine hakikuja:

"Huyu ni mama yangu! Anauza samaki Kigoma! Aliyemchora ni mdogo wangu Elisha, alichorea jikoni kwa mama huyu hapa! Yule mzee hakuichora, alikuwa kipofu!"

Sauti yangu ilipasuka, machozi yakanitoka. Nilisema jina la Elisha tena na tena mpaka pumzi ikaniishia.

Wakapiga makofi.

Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Kwa kuwa mambo yalihusu thieta, walidhani nimeajiriwa kuigiza. Mama mmoja wa Kizungu alinijia, macho yamelowa, akanishika mikono yote miwili, akasema kitu. Nilimwangalia Maman Furaha.

"Anasema unacheza vizuri sana," akasema, akanishika mkono tukatoka.

Nyumbani

Sanduku langu lilifika Schaerbeek siku niliyokuwa nikiondoka. Samaki walikuwa wazima. Maman Furaha alinisindikiza uwanjani akiwa amefunga wawili kwenye karatasi ndani ya mkoba wake, akasema atawapeleka kazini, wale wazee wake wanuse. Ya njiani sina haja kuyasimulia. Reli ilikuwa imetengenezwa.

Mama alinikuta kwenye kiti cha nje, kabla sijavua viatu. Hakuuliza habari ya Madame, wala ya kibao. Yote nilikuwa nimemwambia kwa simu. Aliuliza habari ya picha yenyewe. Nimeketi upande gani? Kulia, mama. Samaki wangapi juu ya jiko? Nikamwambia. Kitenge gani? Kile cha njano. Jirani yangu ni nani? Fundi viatu mwenye kofia ya kufuma. "Huyo ni Sadoki," akasema, akatabasamu. Na wasichana wanaosukana akawataja, na yule mzee wa magunia akamtaja kwa jina na jina la baba yake. Alikuwa akiwaita mmoja mmoja kama mtu anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango.

Kisha akanitazama.

"Na wewe? Wewe alikuweka wapi?"

Nilikuwa nimetafuta. Siku ile ya kwanza na siku ile ya mwisho nilikuwa nimeangalia kila tao, kila kivuli, hata zile nyuso ndogo za nyuma.

"Sikuwemo, mama," nikamwambia.

Akanyoosha mkono akanishika goti, akauacha pale. 

Basi ndiyo hayo. Mkikutana nami, msiniulize niliambulia nini.